Umemkimbia mwenye nyumba, sasa kodi unalipa sheli: tuelewane kuhusu mitaa ya gari na mitaa ya miguu

Kila mwisho wa mwezi lazima kuna mtu anatupia picha ya geti jipya, fensi bado inanukia rangi, IST imepaki juu ya vitofali vya pevingi, chini kaandika "hatimaye nimehamia kwangu, Mungu fundi". Pongezi zinamiminika vizuri tu mpaka atokee mmoja aulize umejenga wapi mkuu. Akitaja Chanika, au Kibamba ndani, au Goba kule mwisho, huko pembezoni mwa Dar, basi amani imekwisha. Huyu anasema pole, mwenye nyumba umemkimbia ila kodi iko palepale, utakuwa unalipa sheli. Yule anakuja na habari za Ulaya kwamba wenzetu siku hizi wanajenga mitaa ambayo gari huihitaji, mwingine anadakia hizo ni njama za kufungia watu ndani, na hakosekani wa kusema kutembea kwa miguu ni umaskini uliopewa jina zuri. Wanavurugana mpaka usiku wa manane wakati mwenye picha yake kashalala zamani, maana kesho saa kumi na nusu alfajiri anatakiwa awe barabarani.

Mi kwenye huu ugomvi nipo pande zote mbili. Nimepanga Sinza miaka tisa, nikajenga Goba, ndani ndani, na gari nawasha kila siku iliyoletwa na Mungu, kwaiyo sijaja kumcheka mtu. Nimekuja kwa sababu naona tunagombania vitu vitatu au vinne tofauti tukidhani ni kimoja.

Tuanze na maneno. Utegemezi wa gari sio kuwa na gari. Unaweza kuwa na gari mbili na usiwe mtegemezi, na unaweza usiwe na hata baiskeli ukawa mtegemezi kabisa. Utegemezi ni pale ambapo ukiondoa chombo chenye injini, iwe gari yako, boda, bajaji, chochote, basi maisha ya kawaida yanasimama: mtoto shule haendi, mkate haupatikani, dawa ya homa usiku ndo usahau. Na mtaa wa miguu ni mtaa ambao mambo yako ya kila siku, sio yote, yale ya kila siku, yapo ndani ya mwendo wa dakika kumi au kumi na tano, alafu hiyo njia yenyewe inapitika bila kuweka roho rehani. Magari yanaweza kuwepo tele. Sinza magari yapo mpaka kero, lakini bado ni mtaa wa miguu.

Kama maelezo hayo ni marefu, tumia kipimo changu mimi, nakiita kipimo cha chumvi. Mboga iko jikoni inachemka, umeonja, chumvi imekwisha. Je, unaweza kumtuma mtoto wa miaka tisa, aende kwa miguu mwenyewe, arudi kabla mboga haijaungua, na wewe muda wote huo roho yako imetulia? Sinza jibu ni ndio, tena angepita maduka matatu akichagua. Kwangu Goba, mpaka juzi juzi hapa, jibu lilikuwa ni kuwasha gari, au kumpigia kijana wa boda akalete chumvi ya mia tano kwa nauli ya elfu moja na mia tano.

Sasa kosa la kwanza tunalofanya wote ni kudhani hili ni suala la umbali wa kutoka Posta, yaani katikati ya mji. Sio. Chukua Mbagala Rangi Tatu, mbali na Posta, foleni unaijua, lakini ukishafika pale kila kitu kipo chini ya pua yako, duka, saluni, duka la dawa, fundi viatu, samaki wa kukaanga, shule, msikiti, kanisa, vyote unavipitia ukiwa umevaa kandambili. Alafu chukua zile barabara za ndani za Masaki na Oysterbay. Posta ni kama pua na mdomo, lakini unatembea ukuta, ukuta, ukuta, mlinzi, ukuta, na chumvi huioni. Mbagala inafaulu kipimo cha chumvi, Masaki ya ndani inafeli, na bei za viwanja vyao unazijua mwenyewe. Kinachohesabika ni umbali wa chumvi, umbali wa mjini ni hesabu nyingine.

Kwanini chumvi iwe mbali? Hapa ndo watu wengi hawajawahi kukaa wakapiga hesabu, na ni hesabu ya darasa la saba tu.

Chukua duka la Mangi, yule muuza duka wa mtaani. Mtu wa kutembea kwenda kununua chumvi hataki kupita kama mita 400, zaidi ya hapo anaanza kuahirisha. Chora duara kuzunguka duka, mita 400 kila upande. Eneo lote hilo ni kama mita za mraba laki tano. Toa barabara, toa shule, toa sehemu za wazi, tuseme imebaki asilimia 60 ya kujenga nyumba, yaani mita za mraba laki tatu. Viwanja vikiwa vya mita za mraba 400 kila kimoja, unapata nyumba 750. Kila nyumba weka watu wanne, ni watu 3,000 wanaoweza kumfikia Mangi kwa miguu. Sasa fanya viwanja viwe vya mita 2,000, vile tunavyovitamani wote vya "nafasi ya kupumua". Nyumba zimekuwa 150. Watu 600. Na hapo nimekuonea huruma nimejenga viwanja vyote, wakati wewe na mimi tunajua huku kwetu nusu ni pori la mtu aliyenunua akaacha, anasubiri bei ipande.

Kwaiyo Mangi kwenye watu 3,000 anaishi, anaweka friji, anaongeza mchele na gesi, na pembeni yake anakuja muuza chipsi na fundi simu. Kwenye watu 300 Mangi anafunga duka mwezi wa nne anarudi alikotoka. Hana ubaya na nyie, hesabu imekataa. Na daladala ni hivyo hivyo, dereva anafuata vichwa, njia yenye kichwa kimoja kila mita mia hawezi kuingiza gari labda awe mjomba wako.

Hii pia ndo inaeleza kwanini maji na umeme huku vinachelewa na vinauma bei. Kilometa moja ya bomba kwenye mtaa ambao kila kiwanja kina upana wa mita 20 barabarani, nyumba pande zote mbili, inahudumia nyumba 100. Upana ukiwa mita 40, bomba lile lile, mtaro ule ule umechimbwa, nyumba 50. Alafu tunakaa kwenye kikao tunalaumu serikali peke yake, sawa walaumiwe, ila na sisi tulichagua kukaa mbalimbali kama meno ya kizee.

Jambo la pili ni njia zinavyoungana, na hili linaumiza zaidi kwa sababu halihitaji hela nyingi kulirekebisha. Nina rafiki yangu ng'ambo ya korongo, namuona kabisa akianika nguo, nikipiga kelele ananisikia. Kwa jicho ni mita 200. Kwa gari ni kilometa tatu na nusu, nishuke mpaka lami, nizunguke, nipande tena. Kingekuwepo kidaraja cha miguu tu pale, cha mbao tena, duka la kwao lingekuwa duka letu. Sasa ongeza na fensi. Kila mtu anapojenga anafunga kile kinjia ambacho watu walikuwa wanapita toka enzi za mashamba ya mikorosho, na kisheria labda ni haki yake kiwanja ni chake, lakini vichochoro vitano vikifungwa mtaa mzima unakuwa na mlango mmoja. Ramani ya jedwali kama ya Kariakoo, barabara zinakatana kila baada ya hatua chache, ukizuiwa huku unapita kule. Mtaa wa mlango mmoja unatembea ukiwa unarudi nyuma.

La tatu ni kuchanganya matumizi, yaani nyumba za kulala, duka, shule ndogo, gereji, kinyozi, vyote vikae jirani. Hapa nataka nikupeleke Marekani kidogo kwa sababu huu ugonjwa wao ndo wameuandika mpaka kwenye sheria. Mwaka 1926 mahakama yao kuu, kwenye kesi ya kijiji kinaitwa Euclid pale Ohio, ilikubali kwamba mamlaka za miji zina haki ya kutenga maeneo, hapa ni nyumba za familia moja tu, maduka kule, viwanda kule. Kwenye viwanda mtu unaelewa, nani anataka moshi. Lakini kwenye hukumu ile ile jengo la nyumba za kupangisha likafananishwa na kupe, eti linakuja kunyonya uzuri wa mtaa wa wenye nyumba zao. Kupe! Kuanzia hapo miji mingi ikaandika sheria kwamba kwenye eneo kubwa la mji huruhusiwi kujenga kitu kingine zaidi ya nyumba ya familia moja yenye bustani, duka marufuku, ghorofa marufuku. Vita ya pili ikaisha, mikopo ya nyumba ikawa rahisi (kwa wazungu zaidi, weusi walibaniwa waziwazi), mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kujenga barabara kuu karibu kilometa 66,000, na huo ukawa ndo utaratibu. Ndo maana ndugu yako aliyeko Texas anakwambia kwenda kununua maziwa lazima awashe gari. Sio anaringa, hana njia, mara nyingine hata sehemu ya mtembea kwa miguu pembeni ya barabara hakuna, na hapo kuna mabibi wa Kikongo waliopelekwa kule kama wakimbizi, hawajawahi kuendesha, wanakaa ndani kama wafungwa wakisubiri mtoto arudi kazini awapeleke kanisani.

Sisi hatukufika hapa kwa njia hiyo. Sisi tulirithi ndoto. Tangu Wajerumani na baadae Waingereza, Dar iligawanywa: Uzunguni viwanja vikubwa vyenye miti na upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika wakapewa Kariakoo na Ilala, vidogo, vimebanana. Kariakoo jina lenyewe ni lile jeshi la wabeba mizigo wa Vita ya kwanza, Carrier Corps, midomo yetu ikalikarabati. Sasa babu zetu walipokuwa wakiangalia nani kafanikiwa, walikuwa wanaangalia upande gani? Nyumba katikati ya kiwanja, ua kubwa, mpishi kibandani nyuma, gari mbele. Uhuru ukaja, yule mzungu akaondoka, ile picha ikabaki. Mpaka leo mtu akisema "nyumba ya maana" anaichora hiyo, tofauti ni kwamba mzungu yule alikuwa na dereva na alikuwa anakaa dakika kumi kutoka ofisini, sisi tunaiweka kilometa 22 kutoka kazini na dereva ni sisi wenyewe.

Alafu ongeza idadi. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wamekwenda kukaa pembezoni, kwanini wasiende, ndo kwenye ardhi anayoiweza mtu wa mshahara. Serikali ilijaribu, ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na kwingine, ulipima viwanja kwa maelfu na kwa mpangilio kweli. Lakini vingi vilikuwa vikubwa, watu wakanunua kama wanavyonunua hisa, wakavifungia. Mtaa umepimwa, una ramani nzuri, na chumvi hamna. Kwaiyo kupima peke yake hakutoshi, na hapa napingana na wale wanaosema shida yetu yote ni kutokupima viwanja.

Kuhusu hela nitasema kifupi maana kila mtu ana maumivu yake. Kwangu mpaka Posta ni kama kilometa 22, kwenda na kurudi 44. Ka-IST kwenye foleni kanatembea kilometa kumi kwa lita, hizo ni lita 4.4, tuseme lita ni 3,000 (ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wa kutangaza bei za mafuta, watatwambia tena), ni 13,200 kwa siku, zidisha siku 22 za kazi, 290,400. Bado sijaweka mafuta ya injini, matairi yanayoliwa na rafu rodi, bima, na lile jalada la gereji. Sinza nilikuwa nalipa kodi 350,000. Ukikaa vizuri na kalamu unaona yule aliyesema kodi unalipa sheli hakuwa na wivu wote.

Ila hiyo ndo hesabu ya mwenye gari, na mwenye gari sio anayeumia zaidi. Dada wa kazi, mlinzi, mwalimu wa shule ya kata, mama wa genge, hao wanakaa mitaa hii hii na wanalipa boda kwenda lami, daladala, alafu boda tena jioni. Na hapa nataka nimseme bodaboda kwa heshima zote. Boda ndo ameokoa hii mitaa. Bila yeye nusu ya Goba isingekalika. Lakini yeye pia ndo amefanya tusione kosa, kama mtu anayekunywa dawa za maumivu kila siku na jino linaoza. Kwasababu boda yupo, hakuna anayedai njia ya miguu, hakuna anayedai daladala iingie ndani, hakuna anayeuliza kwanini duka la dawa liko kilometa mbili, tunapiga simu tu, "njoo nyumba yenye geti la bluu". Kila safari ni elfu, elfu na nusu, hutaziona mpaka siku unaandika matumizi ya mwezi. Hata mwendokasi, ile awamu ya kwanza ya kilometa 20.9 iliyoanza 2016, kwa mtu wa pembezoni mabasi yenyewe ni nusu ya habari, nusu nyingine ni hizo kilometa tatu nne kati ya kituo na mlango wake, ambazo hakuna mradi unaozihesabu.

Sasa tuje kwenye yale maneno ya mtaani.

"Wapanue tu barabara foleni itaisha." Hili linaingia akilini, mi mwenyewe niliamini. Lakini barabara haifanyi kazi kama bomba la maji, inafanya kazi kama ubwabwa wa bure msibani, ukiongeza sufuria wanaongezeka walaji. Barabara ikipanuliwa, aliyekuwa anapanda daladala ananunua gari, aliyekuwa anaogopa kujenga mbali anajenga, baada ya miaka michache imejaa. Houston, kule kule Texas, walipanua barabara yao ya Katy, ikakamilika 2008, kuna mahali ukihesabu na njia za pembeni inafika njia 26, imekula kama dola bilioni 2.8. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari wa asubuhi ukaongezeka kwa asilimia 30, wa jioni asilimia 55. Njia 26! Sisemi tusijenge barabara, sisi bado kuna sehemu ambulensi haifiki. Ile ya Kimara mpaka Kibaha, kilometa 19.2, ilihitajika, pale pana malori ya kwenda nchi jirani. Nasema usitegemee kwamba ndo itakupunguzia utegemezi. Inakuruhusu ukae mbali zaidi, basi.

"Joto la Dar hili nani atembee." Hoja nzuri, na jibu lake lipo kwetu wenyewe. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar saa saba mchana, au Lamu ambako mizigo inabebwa na punda, vichochoro vyembamba, nyumba ndefu, kivuli mwanzo mwisho. Waliojenga vile walijua jua ni nini. Joto linakuua kwenye barabara ya mita thelathini isiyo na mti hata mmoja, ambayo ndo tunaita ya kisasa. Mwarobaini mmoja kila hatua kumi ungemaliza huu mjadala.

"Mitaa ya miguu ni uswahilini, vurugu, mitaro ya maji machafu." Hapa ndo naipenda Sinza. Miaka ya sabini serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na miundombinu ya mwanzo, alafu ikawaachia watu wajenge wenyewe kwa kadri ya mifuko yao. Viwanja vingi havikuwa vikubwa, barabara zimenyooka. Leo pita Sinza Mori au Kumekucha, nyumba ya chini imekuwa ghorofa, mbele fremu za maduka, nyuma wapangaji, na lori la taka linaingia. Imepangwa na inatembeleka kwa miguu, vyote kwa pamoja. Vurugu inatokana na kukosa mitaro na njia, msongamano wa watu peke yake hauleti mtaro mchafu.

"Kutembea ni umaskini." Nairobi karibu watu wanne kati ya kumi wanakwenda shughuli zao kwa miguu, na wengi kweli ni kwa kukosa nauli, wanatembea pembeni ya lami vumbi linawapiga, huko siwezi kukupamba nikakuita mtaa wa miguu. Kutembea kwa kulazimishwa na kutembea kwa sababu duka liko pale ni vitu viwili. Uholanzi wanaosifiwa na baiskeli zao, miaka ya mwanzo ya sabini walikuwa wamezama kwenye magari kama sisi tunavyotamani, mwaka 1971 peke yake barabara ziliua watu kama 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto, wazazi wakaingia barabarani kupinga, alafu mafuta yakapanda 1973. Hawakuanza kwa umaskini. (Na sisi mafuta yalipopanda tulikatazwa kuendesha gari binafsi Jumapili mchana, waulize wazee, ila sisi yalipopatikana tukasahau.)

La mwisho ni hilo la kufungiwa. Limetoka wapi? Kuna profesa wa Paris, Carlos Moreno, mzaliwa wa Kolombia, mwaka 2016 alikuja na wazo la mji wa dakika kumi na tano, kwamba mahitaji ya kila siku yawe ndani ya dakika 15 kwa miguu au baiskeli. Anne Hidalgo, aliyekuwa meya wa Paris wakati huo, akalichukua kwenye kampeni yake ya 2020. Kumbe Oxford, Uingereza, walikuwa na mipango miwili tofauti, mmoja ni huo wa huduma kuwa karibu, mwingine ni wa kuweka kamera kwenye barabara sita kupunguza magari yanayokatiza muda fulani, ukipita bila kibali unapigwa faini. Watu wakavichanganya, Februari 2023 wakaandamana wakisema wanafungiwa kwenye mitaa yao, video zikaruka mpaka magrupu ya WhatsApp ya ukoo wetu. Ule mpango wa kamera unaweza kuupinga kwa hoja, hata wenyeji wanaupinga, lakini kuletewa duka karibu na nyumba hakumzuii mtu kwenda mbali. Anayezuiwa kwenda popote ni mtoto wangu, Goba, bila gari ya baba yake.

Kwaiyo unaponunua kiwanja, pamoja na kuuliza hati na mgogoro, lala mtaa huo kama kuna uwezekano, au nenda saa moja asubuhi bila gari. Tembea. Hesabu hatua mpaka chumvi, mpaka panadol, mpaka daladala. Angalia viwanja vya jirani vimejengwa au vimelala. Uliza mjumbe kama kuna kinjia cha kukatiza na kama mwenye eneo ana mpango wa kukifunga. Na ukipata cha mita 400 karibu na watu, usijione umeshindwa maisha mbele ya shemeji mwenye ekari.

Kwetu mambo yalibadilika kwa namna ambayo tuliipinga. Mwaka jana jirani mmoja, kiwanja chake kikubwa, alijenga nyuma vyumba sita vya kupangisha. Kikao kikaitishwa, watu wakawaka, oh usalama, oh hadhi ya mtaa, mmoja akasema wapangaji watatuletea wizi, na nakiri na mimi nilinyoosha mkono upande wa kupinga. Tulikuwa tunamhukumu kupe wa Euclid bila kujua. Jirani akasema hati ni yake, akaendelea. Vyumba vikajaa, vijana wa kazi, mama wawili wenye watoto, nesi mmoja. Mwezi wa tatu baada ya hapo kijana akafungua duka kwenye kontena pale kona, hatua 180 kutoka getini kwangu, nimezihesabu.

Wiki iliyopita mke wangu kaonja mboga, kaniangalia, mi nikaanza kutafuta funguo ya gari. Yeye akamuita mtoto. Mtoto akachukua mia tano akatoka na kandambili, geti likabamizwa, nikasimama uani nikijifanya naangalia maua. Alirudi na chumvi ya mia tatu. Nilipouliza chenji, mdomo ulikuwa mwekundu wa ubuyu.